Lete Nikupokee

Jumamosi ile Paskazia hakutaka kwenda popote. Alitaka kulala. Lakini ahadi ni deni, na aliyeahidi alikuwa mumewe, Shigela, naye aliyeahidiwa alikuwa mtoto wao wa pekee, Winnie, wa miaka sita, ambaye wiki nzima alilazwa zahanati na malaria huku akiulizia tumbili. Shigela, kwa ile huruma ya wanaume ambayo gharama zake hulipwa na wake zao, akamwambia: ukipona tu, baba anakupeleka msituni ukawaone.

Basi Winnie akapona. Shigela akaifuta bajaji yake vumbi, akatangaza kwamba leo habebi abiria, anabeba familia. Wa kuamka gizani akasukume chapati, akachemshe mayai na kujaza hotpoti alikuwa nani? Paskazia. Huyo huyo ambaye kila siku huwasha moto wa biashara yake ya chakula pale Mkuyuni jogoo wakiwa bado wanakoroma, na ambaye wiki ile alikuwa akipika asubuhi, anashinda zahanati mchana na usiku analala ameketi, kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa. Alichoka mpaka akachoka kusema amechoka.

Kulikuwa na wifi yake pia, Odeta, dada yake Shigela. Alikuja kutoka Kisesa kumjulia hali mtoto, mtoto akapona, yeye hakuondoka. Mwanamke mwema Odeta, mwenye mkono mwepesi wa kusaidia, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkono. Ukiteleza Mkuyuni asubuhi, jioni Kisesa wanakupa pole.

Msitu wenyewe unaitwa Nyabugose. Ni hifadhi ndogo iliyokaa juu ya miamba inayoingia ziwani, na njia zake zimepigwa mishale ya rangi nyeupe ili wageni wasipotee. Getini walimkuta binti wa hifadhi aliyevaa sare ya kijani, jina lake Hellen limeandikwa kifuani, akawaonya wasiwape tumbili chakula, akawatakia matembezi mema. Upepo wa ziwa ulikuwa mzuri. Winnie alitangulia akirukaruka, akawaona tumbili wake mapema kabisa, akacheka mpaka akakohoa. Paskazia alimtazama akacheka naye. Alishafikiri wiki ile kwamba hatamsikia tena akicheka.

Lakini mtoto aliyetoka malaria ni mtoto aliyetoka malaria. Kabla hawajafika mbali miguu ikamwishia, akanyoosha mikono. Shigela alikuwa na hotpoti, maji na mkeka. Paskazia akamfunga mgongoni kwa kitenge chake cha buluu, kama zamani, ingawa miguu ya Winnie sasa ilimfika mapajani.

"Wifi, lete nikupokee," Odeta alisema.

Paskazia akakataa. Mbele kidogo Odeta akasema tena, Paskazia akakataa tena. Alishaisikia tayari hadithi yenyewe ikisimuliwa Kisesa, kwamba mke wa kaka siku hizi hata kubeba mtoto wake hawezi.

Na huko kwetu kupokeana mzigo si jambo la kufikiria. Ukimkuta mtu amebeba, humpiti hivi hivi. Unampa pole, unamwambia lete nikupokee. Naye hakuulizi wewe ni nani, anakuachia kichwa, anakuachia bega, anapumua. Mkifika njia panda anakushukuru. Tumelelewa hivyo, na wengi wetu tungeona haya kukagua mkono unaotusaidia.

Ilipofika saa za jua la utosi, Shigela na Odeta walikuwa wametangulia mbali, wanabishana kama kawaida yao kuhusu shamba la marehemu baba yao. Sauti zao zikapungua, zikaisha. Njia ikaingia katikati ya miamba miwili mirefu, nyembamba kiasi kwamba bega linagusa huku na huku. Pimbi waliokuwa wameota jua juu ya mawe waliingia kwenye nyufa zao, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Winnie alikuwa amelala. Kiuno kilimuuma Paskazia, jasho likamwingia machoni. Akasimama, akaegemeza paji la uso kwenye jiwe, akasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote, kwamba Mungu wangu nimechoka.

"Umechoka, mwenzangu," sauti ilisema nyuma yake. "Lete nikupokee."

Ilikuwa sauti ya kike, ya upole, karibu na sikio. Paskazia hakugeuka, wala hakujiuliza Odeta alirudi saa ngapi. Pale njiani hata kugeuka kulitaka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Safari hii akasema liwalo na liwe, Kisesa waseme watakavyo. Akafungua fundo la kitenge kifuani, akainama.

"Pokea," alisema. "Asante."

Mikono ikamwondoa mtoto mgongoni, polepole, kwa namna ya mtu aliyezoea watoto. Kitenge kikafuata.

Lo, raha aliyoipata. Aliipanda njia ile kama binti. Alisikia hatua nyuma yake, alimsikia Winnie akiguna usingizini, akatania bila kutazama nyuma kwamba wifi asije akampeleka Kisesa kwa maneno. Hakujibiwa. Akashangaa kumbe Odeta naye anaweza kunyamaza, akamshukuru Mungu kwa hilo pia.

Miamba ikaisha. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe ziwa lote, jeupe kwa jua. Shigela alikuwa amelala chali kwenye mkeka. Pembeni yake Odeta alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, anamenya yai.

"Wifi," Odeta alisema, "mbona peke yako? Winnie yuko wapi?"

Paskazia alimtazama Odeta. Akatazama lile yai. Akageuka.

Njia ilikuwa tupu.

Ndipo akakumbuka. Odeta humwita wifi. Tangu siku ya ndoa, hajawahi kumwita jina lingine. Aliyempokea mtoto alisema mwenzangu.

Alikimbia. Nyuma yake alimsikia Shigela akiuliza kuna nini, akamsikia akianza kumwita Winnie. Aliingia kati ya miamba. Akaita. Jiwe likamrudishia sauti yake. Akaita tena, akasikia mtoto akikohoa. Si mbele. Si nyuma. Upande wa kushoto, ndani ya mwamba.

Palikuwa na ufa. Alishapita hapo mara mbili bila kuuona. Ndani kulikuwa na kiza cha baridi, na ndani ya kiza hicho akaiona buluu ya kitenge chake.

Mwanamke alikuwa ameketi akitazama ukuta wa jiwe. Alikuwa amejifunga kaniki, ile nguo nyeusi waliyovaa bibi zetu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa tope kavu la ziwani. Winnie alikuwa mgongoni mwake, macho wazi, kimya. Hakulia. Hakumwita mama yake.

"Nipe mwanangu," Paskazia alinong'ona.

"Nitakupa. Si umeniambia asante?" Mwanamke hakugeuza uso. "Mwanao si mzito. Wangu ndiye mzito."

Mapajani mwake kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande kingine cha kaniki. Kilikuwa na ukubwa wa mtoto mchanga. Kilikuwa kinapumua.

"Nimekubebea," mwanamke alisema. "Sasa nibebee. Watu hupokezana."

"Nipe mwanangu, nakuomba."

"Usimtue chini. Ukimtua, narudi kwa huyu." Mkono wake ulirudi nyuma, ukampapasa Winnie mguu. "Mbebe mpaka upate wa kukupokea. Aseme mwenyewe, kwa hiari yake. Kama nilivyosema mimi, na kama alivyoniambia mimi yule aliyenipa."

Paskazia angefanyaje? Angekuwa mwingine angekemea mapepo, angepiga yowe, angemrukia. Yeye alimtazama Winnie, akaona mashavu yalivyokonda kwa ile malaria, akaona mkono ule kwenye mguu wake. Akageuza mgongo. Akainama.

Mikono ikampitia kifuani kutoka nyuma. Ilikuwa na baridi ya mtu aliyetoka majini. Ikafunga fundo. Uzito ukashuka mgongoni mwake, uzito wa gunia la mchanga uliolowa, na katikati ya uzito huo kichwa kidogo kikamlalia chini ya shingo.

Aliponyanyua uso, ndani ya ufa walikuwa yeye na Winnie tu. Winnie alikuwa amesimama, kitenge cha buluu kimemwangukia miguuni. Akamshika mkono wakatoka.

Shigela aliwakuta njiani, anahema, uso umempauka. Paskazia akamwambia mtoto alienda kando kujisaidia, wakapotezana kidogo. Angesema nini kingine? Kwamba alimpa mtu mwanawe bila hata kumtazama usoni? Shigela akamkumbatia Winnie, Odeta akalia kidogo, akaanza papo hapo kuipanga hadithi. Mgongoni mwa Paskazia hakuna aliyeona kitu. Yeye mwenyewe alipojipapasa hakugusa kaniki wala fundo. Uzito tu.

Walipofika getini Hellen alitoka kwenye kibanda chake kuwaaga. Akatabasamu, akamwambia Paskazia, "Mama, huyo mchanga mfunike kichwa. Upepo wa ziwa sio mzuri."

"Mchanga yupi?" Shigela aliuliza.

Hellen akatazama tena. Tabasamu likamtoka. Alirudi ndani ya kibanda, akafunga dirisha.

Kwenye bajaji Paskazia aliketi kwa kuinama, mgongo usiguse kiti. Winnie alikuwa amepiga magoti pembeni yake, anatazama nyuma ya shingo ya mama yake.

"Mama," alinong'ona, "anaitwa nani?"

Paskazia akamwambia anyamaze.

Hivyo ndivyo maisha yalivyoendelea. Alipika akiwa amebeba. Aliosha vyombo akiwa amebeba. Alilala kifudifudi, na bado aliamka kila mara usiku kupapasa godoro, asije yule mchanga akawa ameteleza. Kila jioni, mgongoni mwa gauni lake, palikuwa na alama ya maji, yenye joto, yenye harufu ya mkojo wa mtoto. Alifua, kesho yake ikarudi. Shigela, ambaye si mume mbaya, alimpeleka hospitali, wakampiga picha ya uti wa mgongo wasione kitu. Daktari akamwandikia dawa za maumivu, akamwambia mama, pumzika. Paskazia alicheka pale pale mbele ya daktari, mpaka Shigela akaona aibu. Alisali rozari mpaka midomo ikakauka. Ikawa kila akisali, mgongoni kuna kitu kinasikiliza.

Lakini kubeba siko kulikomtesa zaidi. Kulimtesa kupokewa. Mji mzima, ukimwona mama anayetembea ameinama, unamhurumia. Wateja walitaka kumpokea masufuria. Watoto wa shule walitaka kumpokea ndoo. Kila neno "nikupokee" liliposemwa, alihisi kile kichwa kidogo kikiinuka shingoni kwake kusikiliza. Na kila mara akawahi kukataa, kwa ukali, kabla hakijashuka.

Mwaija, jirani yao wa ukuta mmoja, alimkuta siku moja bombani. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mjane, mwenye binti mmoja, Shamsia, anayesoma darasa moja na Winnie. Ndiye aliyeleta uji zahanati wiki nzima ile ya malaria bila kuombwa. Akasema, "Mama Winnie, pole, lete hiyo ndoo nikupokee."

"Nimekuomba?" Paskazia alimjibu. "Niache."

Mwaija akarudi nyuma, ameumia. Wapangaji wakasema Mama Winnie amekuwa na maringo. Akakubali kuitwa hivyo. Alikwenda ndani akalia, maana alimpenda Mwaija, na ndiyo sababu alimtukana. Odeta naye alijibiwa vibaya siku moja tu, akafunga mkoba wake, akarudi Kisesa na hadithi ya kumtosha mwaka mzima.

Paskazia akawa ameziba milango yote ya nje. Mlango aliousahau ni wa ndani.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha, Shigela yuko kazini. Alilala kwenye mkeka, kifudifudi, akasema anafumba macho kidogo tu. Alipoamka mvua ilikuwa imekata. Mwili wake ulikuwa mwepesi. Alidhani amekufa. Kisha akapapasa mgongo, akapapasa mkeka, akapapasa sakafu. Amemtua. Amemtua chini.

"Shh, mama," Winnie alisema. "Kamelala."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameinama, mikono ameirudisha nyuma kiunoni, namna wanavyofanya watoto wanaocheza kubeba wadogo zao. Lakini magoti yalikuwa yanatetemeka.

"Ulikuwa unalia usingizini," Winnie alisema. "Nikasema nikupokee."

Paskazia alipiga magoti mbele yake. Akageuka, akainama, akasema lile neno. Lete nikupokee. Akalisema tena na tena, kwa kunong'ona, kisha kwa kulia. Mgongo wake ukabaki mwepesi.

"Hataki," Winnie alisema. "Anasema wewe ulimchoka."

Usiku ule Paskazia alilala usingizi mzito, bila kugeuka hata mara moja. Mwili ulimsaliti. Mpaka leo hajausamehe.

Winnie akaanza kupungua. Alikwenda shule ameinama, akarudi ameinama. Mwalimu alidhani ni uzito wa begi, akaamuru daftari zipunguzwe, hata begi lilipokuwa tupu bado mtoto aliegemea ukuta akihema kikongwe. Hakulalamika. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alijifunza kulala kifudifudi. Paskazia alimlisha, akamkanda, akamnong'oneza, "Mtu akitaka kukupokea begi, mwambie hapana." Alimwambia hivyo kila asubuhi, maana alikuwa Mkristo, na watoto wa watu ni watoto wa watu. Kisha asubuhi moja alimvalisha sare, akahesabu mbavu zake kwa vidole bila kukusudia, na siku hiyo hakumwambia kitu.

Jioni alikuwa jikoni, dirisha la uani liko wazi. Aliwasikia watoto wakirudi. Hatua za mmoja zilikuwa nyepesi. Za mwingine zilikuwa zinaburuta, zinasimama, zinaburuta. Zikasimama kabisa chini ya dirisha.

"Winnie, umechoka?" Ilikuwa sauti ya Shamsia. "Lete nikupokee."

Dirisha lilikuwa karibu. Paskazia angenyoosha shingo tu, angeita jina. Alishika mwiko. Aliangalia maharage yakichemka. Uani kulikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mrefu, ukingoja mtu aseme kitu.

Hakusema.

Winnie aliingia ndani amenyooka. Akaomba chakula, akala, akaomba tena. Paskazia alimpakulia, na machozi ya furaha na ya kitu kingine yakamtoka pamoja.

Kesho yake asubuhi alimkuta Mwaija kwenye kamba ya nguo. Hawakuwa wamesalimiana vizuri tangu siku ile ya bombani, lakini Mwaija si mtu wa kinyongo. Alikuwa ameshika gauni la Shamsia, analigeuza huku na huku juani.

"Mama Winnie, hebu tazama," alisema. "Huyu mtoto mkubwa. Nasema labda kakojoa kitandani. Lakini mbona ni mgongoni?"

Alama ilikuwa hapo, ya duara, bado mbichi. Paskazia aliitazama. Ndani kwa Mwaija, Shamsia alikuwa anakohoa.

Akamwambia Mwaija atumie sabuni ya kipande, alisugue kwa ndani, kisha alianike kwenye jua kali.